Paka wa Mama figo zimekwisha: tumchome sindano au tumwache?

*Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani. Anajibu daktari wetu wa mifugo, Tanga.*

SWALI

Assalamu alaykum, Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Ngamiani, Tanga, na mama yangu mzazi, mwanangu wa miaka 7 na paka anayeitwa Kaniki. Kaniki ni wa Mama. Marehemu baba alimleta akiwa bado hajafumbua macho vizuri, mwaka niliomaliza chuo cha ualimu, kwa hiyo sasa ana miaka 17. Baba alipofariki, paka huyu ndiye aliyelala miguuni pa Mama muda wote wa eda. Nakueleza haya ili usije ukaniambia "ni paka tu", maana hilo nimeshaambiwa na wengi.

Tangu Ramadhani alianza kunywa maji kupita kiasi, mpaka akawa anapanda kwenye ndoo ya kuogea. Akakonda, mifupa ya mgongo ikawa inahesabika, na alfajiri anatapika povu jeupe. Tulimpeleka Dar es Salaam akalazwa siku tano na dripu. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa, siku ya kwanza ilikuwa 8.6, siku ya tano 8.1. Daktari wa huko alisema figo zimekwisha, akatufundisha kumchoma dripu ya chini ya ngozi nyumbani, na akatuambia taratibu kwamba tufikirie kumpumzisha, yaani achomwe sindano afe bila maumivu. Wiki tatu zimepita.

Sasa hali kitu. Ukimwekea samaki changu anamnusa, analamba midomo, halafu anageuza uso. Mdomo unanuka na ulimi una vidonda. Hajilambi tena, manyoya yametimka. Amekojoa juu ya mswala wa Mama, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Mchana kutwa yuko chini ya kitanda, amejikunyata, ameelekea ukutani. Mwanzoni tukimchoma dripu alikuwa analia na kutaka kukimbia. Sasa halii. Usiku Mama anamtoa, anamviringisha kwenye khanga, anamlaza kifuani, na paka anaanza kukoroma kwa furaha kama zamani. Mama ananiambia, "Unaona? Bado anataka kuishi."

Mama anasema roho ni ya Mungu, hatuna ruhusa ya kuitoa. Kaka yangu yuko Maskati, anatuma pesa, anasema tusiache matibabu, na anauliza kama figo haiwezi kubadilishwa. Jirani ametushauri tumpe Panadol mbili kwenye maziwa, "atalala tu". Mwingine anasema tumpeleke soko la samaki tumwache huko. Mimi naona ameteseka vya kutosha, lakini nikilisema hilo nyumbani naonekana nimemchoka. Nifanye nini? Na mwanangu nimwambie nini?

*Mwalimu, Ngamiani*

JIBU

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Naanza na Panadol kwa sababu haiwezi kusubiri. Msimpe, hata robo kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka aliyekonda kama wenu. Damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa, uso na nyayo zinavimba, na mnyama anatweta kwa saa nyingi huku ana akili zake zote. Jirani yako hakukusudia ubaya, lakini huko si kulala. Na soko la samaki ondoeni kabisa katika mazungumzo. Mnyama wa miaka 17 asiyeweza kula, katikati ya paka wa sokoni wenye nguvu, atakufa kwa kiu na hofu chini ya meza ya mtu asiyemjua. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini hata isingekuwepo, Kaniki hastahili kufia huko.

Sasa swali lako. Sijamshika Kaniki kwa mikono yangu, na nitakuomba daktari wa hapo Tanga amwone kabla ya lolote. Lakini sitakuzungusha: kwa uliyoniandikia, naona apumzishwe, na iwe wiki hii.

Nikiulizwa swali hili, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama ugonjwa una njia ya kutokea. Figo za paka huweza kulemewa na mawe, na maambukizi, au na upungufu wa maji tu, na kreatinini ya 8 ikashuka hadi 3 baada ya dripu za siku chache, paka akarudi nyumbani akaishi mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana daktari wa Dar es Salaam alipima mara mbili, na alifanya vyema. Siku tano za dripu zimeshusha 8.6 hadi 8.1. Hapo hakuna kilichokuwa kimelemewa kikasubiri kusaidiwa. Kreatinini huanza kupanda takriban robo tatu ya kazi ya figo ikiwa imeshapotea, na sisi madaktari tunagawa ugonjwa huu katika hatua nne. Hatua ya nne, ya mwisho, inaanzia juu ya 5. Kaniki yuko mbali ndani ya hatua hiyo, na kile kipande cha figo kilichokufa hakioti tena.

Nataka uelewe anachokisikia mwilini, kwa sababu Mama akielewa huenda mazungumzo yenu yakabadilika. Uchafu ambao figo zingeutoa umebaki kwenye damu. Unachokoza tumbo mchana na usiku. Kule kumnusa changu, kulamba midomo na kugeuza uso ni kichefuchefu. Njaa anayo, na chakula anakitaka mpaka kinapomfikia puani. Vile vidonda vya ulimi vinatokana na uchafu huohuo, ambao bakteria wa mdomoni wanaugeuza kuwa amonia inayounguza. Na mswala: tafadhali mwambie Mama kwamba Kaniki hakumvunjia heshima. Figo zilizokufa haziwezi kukoleza mkojo, unatoka mwingi kama maji, na paka asiye na nguvu za kufika kwenye mchanga wake hutafuta mahali laini palipo karibu. Mswala wa Mama una harufu ya Mama.

Kuhusu kukoroma, nitasema kwa uangalifu kwa sababu sitaki kumnyang'anya Mama kitu. Paka hukoroma akiwa na raha, na hukoroma pia akiwa na maumivu, akizaa, hata akikaribia kufa. Joto la kifua cha Mama bila shaka linamfariji. Lakini halituambii kwamba anataka kuendelea. Ukitaka kujua hali yake, mtazame saa sita mchana, huko chini ya kitanda, wakati hakuna anayemshika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walitoa mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka. Wanaangalia mambo matano: masikio, macho, umbo la pua na mdomo, sharubu, na namna kichwa kilivyokaa. Masikio yakitengana na kulala pembeni, macho yakiwa nusu yamefumbwa, mdomo umekazika, sharubu zimenyooka, kichwa kimeshuka chini ya mabega, kila kimoja kinapewa alama 0 hadi 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, paka anahitaji dawa ya maumivu. Hamhitaji chuo kikuu kuvitazama. Kaeni sakafuni wewe na Mama, mtazameni pamoja.

Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoirudia kuisoma. "Mwanzoni alikuwa analia. Sasa halii." Watu wengi huniletea habari hiyo kama habari njema, kwamba mnyama amezoea sindano. Paka hazoei. Paka wa nyumbani ni mwindaji mdogo ambaye huko porini naye huwindwa, na maumbile yamemfundisha kuficha udhaifu mpaka nguvu za kujificha zimwishie. Anayelia na kukukwaruza bado ana nafsi ya kukataa. Aliyenyamaza sindano ikiingia hana tena cha kukataa nacho. Mimi hapo ndipo naona mpaka, na namba za maabara zinakuja baadaye.

Kwa wasomaji ambao wanyama wao hawajafika alipofika Kaniki, kuna njia za kujipima mapema. Daktari wa Marekani, Alice Villalobos, aliandaa mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo linapewa alama kati ya 0 na 10, na jumla ikipita 35 unaendelea na matunzo. Mimi nakitumia, lakini wenye mnyama huwa na mkono mwepesi wa kutoa alama, hasa kwenye furaha. Kwa hiyo napenda zaidi kalenda ya ukutani, ile mnayopewa dukani mwisho wa mwaka. Kila usiku anayemtunza mnyama anaweka alama ya siku njema au mbaya, na mwingine wa nyumba hiyo anaweka yake kwenye karatasi tofauti bila kuonyeshana. Baada ya wiki mnakaa na kulinganisha. Nimeona ndugu waliokuwa wakigombana mwezi mzima wakinyamaza mbele ya karatasi mbili zinazosema jambo lilelile. Ninyi, Mwalimu, kalenda hamhitaji. Katika barua yako nimetafuta siku njema moja ndani ya hizi wiki tatu na sikuiona.

Sasa tuje kwa Mama, maana hapa ndipo penye uzito, na paka ni wake. Usimfanyie nyuma ya mgongo wake. Najua vijana wanaosubiri mzee aende hitimani au hospitali, akirudi anaambiwa paka amekufa. Mama atajua, na atakachopoteza ni zaidi ya paka.

Mama anasema roho ni ya Mungu, na ni kweli. Mimi ni daktari wa mifugo, sikalii kiti cha sheikh, na masheikh wenyewe hawako kauli moja katika jambo hili: wapo wanaosema mnyama atunzwe mpaka ajali yake ifike, na wapo wanaoruhusu apumzishwe ikiwa ugonjwa hauna tiba na mateso yamezidi. Mwende kwa sheikh ambaye Mama anamwamini, lakini mpelekeeni habari kamili. Swali la "je, inafaa kumuua paka mgonjwa?" litapata jibu la haraka. Mwambieni: ana miaka 17, figo zimekufa na zimepimwa mara mbili, hali chakula, mdomo una vidonda, dawa imeshindwa, na daktari anaweza kumtoa kwa dawa ya usingizi bila maumivu. Hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aus, katika Sahihi Muslim, inasema Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, na hata anayechinja anaamrishwa anoe kisu chake na ampe raha mnyama wake. Mama ameisikia hadithi hiyo maisha yake yote kila Idi ya kuchinja. Mkumbushe, kisha nyamaza, mwache aifikirie mwenyewe.

Kingine cha kumwambia ni hiki. Nimefanya kazi miaka mingi na wafugaji wa Handeni na Kilindi, watu ambao ng'ombe kwao ni mahari, ni karo, ni jina la ukoo. Ng'ombe akivunjika paja hawamwachi alale pale mpaka jua lizame. Wanahuzunika, wapo wanaolia, lakini wanammaliza mchana huohuo, kwa sababu kwao kumwacha ni kumtelekeza. Hakuna anayewaambia wameingilia kazi ya Mungu. Sisi wa mjini tuna dripu, na dripu inatufanya tusahau kwamba kuendelea nako ni uamuzi. Mkimchoma kila siku mnarefusha jambo. Mnalirefusha kwa ajili ya nani?

Mama akikataa kabisa, mheshimuni, lakini asikatae akidhani Kaniki atajifia usingizini. Kwa figo hilo ni nadra. Mara nyingi huja siku kadhaa za kulegea, kutapika damu pengine, mwili kupoa, degedege, kisha kupoteza fahamu. Ikiwa ndiyo njia mtakayoishika, mwambieni daktari wa Tanga waziwazi kwamba hamtafuti tena kuponya, mnataka asiumie. Atawapa dawa ya kuzuia kichefuchefu, dawa ya maumivu inayofaa paka mwenye figo mbovu (hii achague yeye, kwani nyingi za maduka ya binadamu zitammaliza vibaya), na dripu kidogo ya kuondoa kiu tu. Mchanga uwekwe hatua mbili kutoka alipolala, kwenye beseni fupi asilohitaji kupanda. Na mkubaliane tangu leo, na Mama akiwepo, kwamba degedege la kwanza likija mnampigia daktari simu saa hiyohiyo, hata iwe usiku. Jina na namba yake ziandikwe ukutani.

Kaka wa Maskati: mpigie simu ya video saa sita mchana, siyo usiku. Mwonyeshe Kaniki chini ya kitanda. Anaona picha za paka aliyeviringishwa khanga kifuani pa mama yake, na nani angeweza kusema tuache akiona hivyo? Kuhusu kubadilisha figo, ameuliza swali la haki. Upasuaji huo umefanywa kwa paka huko Marekani tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha California, Davis, kikiwa cha kwanza kujulikana kwa kazi hiyo. Lakini huchaguliwa paka ambaye mwili bado una akiba, na baada ya upasuaji humeza dawa za kushusha kinga ya mwili kila siku ya maisha yake. Kaniki hawezi hata kuvumilia safari ya kwenda uwanja wa ndege. Kama kaka anataka pesa yake ifanye jambo, ilipe daktari aje nyumbani.

Ndiyo, aje nyumbani. Msimbebe kwenye boksi juu ya bajaji. Nakueleza itakavyokuwa ili pasiwe na jambo la kuwashtua. Kwanza daktari atamchoma sindano ya usingizi mzito, kwenye msuli au chini ya ngozi. Hapo Mama anaweza kuwa amemshika kwenye khanga ileile. Baada ya dakika kumi au kumi na tano Kaniki hatajua lolote. Ndipo daktari atanyoa manyoya kidogo mguu wa mbele atafute mshipa. Kwa paka aliyekauka maji mshipa unaweza kukataa, na hapo atachoma tumboni au kwenye figo yenyewe. Mkiliona hilo msiogope, hasikii. Dawa inayotumika zaidi ni pentobabitali, ambayo ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Kwenye mshipa pumzi husimama, kisha moyo, ndani ya dakika moja au mbili. Macho yatabaki wazi. Mkojo unaweza kutoka, na kifua kinaweza kuvuta pumzi mara moja au mbili za mwisho, naye akiwa ameshaondoka. Daktari atasikiliza moyo kwa muda kabla ya kuwaambia.

Mtakapompigia, mwulize swali moja: "Utampa dawa ya usingizi kwanza?" Si kila kliniki ina pentobabitali, kwani hudhibitiwa, na daktari mzuri anaweza kutumia dawa nyingine za nusukaputi kwa kipimo kikubwa. Hilo halina tatizo. Lakini anayetaka kuusimamisha moyo wa mnyama aliye macho, kwa dawa yoyote ile, mwambie asije.

Mzikeni uani ikiwa mnapo mahali. Shimo liwe la mita moja, maana udongo wetu wa Tanga ni wa mchanga na mbwa wanafukua upesi. Dawa ile inabaki mwilini na inaweza kumuua mbwa au kunguru atakayeula mzoga, kwa hiyo asitupwe jalalani hata kidogo. Mviringisheni kitambaa cha pamba, msitumie mfuko wa plastiki.

Na mwanao. Miaka 7 inatosha kuambiwa ukweli. Usimwambie "Kaniki amelala", kwa sababu usiku huo ataogopa kulala, na ukienda wewe kupumzika mchana atakuja kukutikisa. Usimwambie ametoroka, atamtafuta mtaani mwezi mzima. Mwambie kabla: figo za Kaniki zimekufa, daktari hana dawa ya kuzirudisha, atampa dawa ya kumfanya asisikie maumivu na kisha atakufa. Tumia neno kufa. Mwulize kama anataka kumuaga. Akitaka kuwepo wakati wa sindano ya kwanza, mimi sioni ubaya. Ya pili abaki na shangazi au jirani. Akiuliza kama bibi naye akiugua atachomwa sindano, na watoto wa umri huo huuliza, mjibu palepale kwamba hapana, hii ni kwa wanyama, na bibi anatibiwa hospitali.

Umesema ukitamka unaonekana umemchoka. Mpe Mama jibu langu alisome mwenyewe, au umsomee. Mimi ndiye niliyesema, na Mama akitaka kunikasirikia anajua pa kuniandikia.

SWALI

Shikamoo, Daktari. Naandika kutoka Moshi. Mbwa wetu Tomi, mchanganyiko wa German Shepherd, ana miaka 11. Wiki mbili hizi amekonda, hataki kula, analala tu, na damu inamtoka puani. Ufizi umepauka. Kupe hawamwishi hata tukiwatoa. Mtaalamu wa mifugo aliyepita alisema ni uzee, tummalize. Mjomba anataka kuweka sumu kwenye nyama usiku ili watoto wasione. Ni sawa?

*Kijana wa Moshi*

JIBU

Marahaba. Hapana, si sawa, na kwa Tomi jibu langu ni tofauti kabisa na la paka wa Tanga. Hajapimwa. Uzee hautoi damu puani.

Mbwa mwenye kupe, aliyepauka ufizi, anayetokwa damu puani, katika nchi yetu ninamwekea shaka ya ehrlichia kabla ya kitu kingine. Ni kijidudu kinachoenezwa na kupe wa kahawia, kinaingia kwenye chembe nyeupe za damu na kuangusha chembe zinazogandisha damu. Tiba yake ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, siku 28 bila kukatisha, ipewe pamoja na chakula ili isiunguze koo. Ugonjwa ukiwa mchanga, mbwa wengi huanza kula ndani ya siku chache. Nimeona mbwa waliochimbiwa kaburi wakija kubweka getini.

Sikufichi kwamba yapo mengine. Ehrlichia ya muda mrefu inaweza kuua uboho, na hapo dawa husaidia kidogo. Na mbwa mzee mwenye pua ndefu anayetoka damu upande mmoja tu anaweza kuwa na uvimbe ndani ya pua. Kama ni hilo, tutazungumza kama nilivyozungumza na Mwalimu. Lakini tuzungumze tukijua. Kipimo cha damu na kioo cha hadubini ndivyo vitakavyosema, na gharama yake ni ndogo kuliko mnavyodhani. Mkishindwa Moshi, Hospitali ya Wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, inapokea sampuli na wagonjwa kutoka mikoani.

Wakati mnasubiri, msimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, zitaongeza kutoka damu. Mwoshe kwa dawa ya kupe inayouzwa kwa ajili ya mbwa, na pulizeni pia banda lake na nyufa za ukuta, kwa sababu kupe huyu hutaga huko, si mwilini.

Mjomba mwambie hivi kutoka kwangu: sumu za panya na za mashambani huua mbwa kwa saa nyingi au siku, kwa kutapika, kutetemeka na kukosa pumzi, akiwa anajua kila kinachompata. Watoto hawataona, lakini watasikia. Na nyama ile ikibaki, asubuhi inaokotwa na mbwa wa jirani, kuku, au mtoto.

Kesho asubuhi inua mdomo wa Tomi utazame ufizi, kisha hesabu pumzi zake akiwa amelala. Ufizi ukiwa mweupe kabisa, au pumzi zikipita 40 kwa dakika, mpeleke siku hiyohiyo. Vinginevyo mpeleke ndani ya siku mbili, na umwombe daktari atazame chembe za kugandisha damu kwanza.